Vidole Vyangu Mgongoni mwa Nafula

Alhamisi, wiki ya pili ya Januari. Asubuhi baridi ya kuuma masikio, mchana jua na vumbi, na upepo umeshinda ukileta makapi ya mahindi kutoka kule wanakokoboa mpaka ndani ya duka. Nimefagia mara nne.

Mimi si mtu wa kuandika sana. Shule niliishia darasa la saba. Daftari hili nilianza kuliandika nilipohamia Kitale, mambo madogo tu, mvua imenyesha, mwanangu Sharon ameota jino. Leo nataka kuandika jambo ambalo sijawahi kulisema, na tayari naogopa kwamba nitalisema vibaya, au nitajipendelea. Nikijipendelea mahali, msomaji wa rika langu atajua, kwa sababu na yeye alikuwa mtoto wakati huohuo, shule zilipofanywa za bure na kila nyumba ikatoa watoto wake wote kwa siku moja kama kuku wanaofunguliwa asubuhi.

Nafanya kazi katika duka la vitambaa. Napima, nakata, nakunja. Mwenye duka ni mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini, na Kiswahili chake ni kikali kuliko changu. Januari ni mwezi wa yunifomu. Kitambaa kipya cha yunifomu kina harufu yake, kama wanga wa muhogo umechanganywa na mafuta ya taa, na ukishinda nayo siku nzima unaionja hata kwenye chai. Harufu hiyo huwa inanikumbusha sketi mbili za buluu ambazo mama alitushonea mimi na dada yangu Nafula kutoka kitambaa kimoja. Huwa inapita. Leo haikupita.

Aliingia mama mmoja na kijana wake wa miaka kama minane, mtoto mwenye macho ya kutulia, mdomo wazi kidogo. Wakataka kitambaa cha shati na vifungo. Nikamwaga vifungo mezani. Yule mama akachukua mkono wa mtoto, akaugeuza, akaanza kumgonga kiganjani kwa kidole, pole pole. Mtoto akafunga macho. Akasema, "Saba."

"Haya, hesabia aunti saba," mama akamwambia. Na mtoto akanihesabia vifungo saba, kimoja kimoja, bila kukosea.

Nikauliza, "Mama, hiyo ni nini unamfanyia?"

"Hii? Si ni mwalimu wake wa yuniti, ile ya watoto wazito kushika, alinionyesha. Anasema huyu hesabu yake inaingilia kwa ngozi. Ukimwandikia ubaoni haoni kitu, ni kama umemwandikia ng'ombe. Lakini ukimgonga hivi, bana, anafika mpaka ishirini. Tulikuwa tumeshakata tamaa."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Nilikata mita mbili badala ya moja na nusu, na nikakata kombo. Mwenye duka akaniangalia juu ya miwani. "Mama Sharon, leo umeamka au umeletwa?" Nikaomba msamaha. Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nimesimama Mabanga, darasa la pili, na mkono wangu uko ndani ya sweta ya dada yangu.

Tulikaa karibu na Mabanga, nje ya Bungoma, kwa sababu baba alikamua ng'ombe pale kituo cha wakulima. Nafula ni mkubwa wangu kwa miaka miwili. Alichelewa kutembea, alichelewa kuongea, na alipoongea aliongea maneno machache yenye maana, halafu ananyamaza. Nyumbani hakuna aliyemwona ni mgonjwa. Aliteka maji, alijua kila ndama kwa jina, na alijua ng'ombe gani amekasirika kabla baba hajajua. Shuleni ndiko alikokuwa mjinga. Mimi nilipofika darasa la pili nilimkuta amelirudia mara mbili, mrefu kuliko wote, ameketi deski la nyuma karibu na dirisha lisilo na kioo. Watoto walimwita Kukhu, yaani nyanya. "Kukhu wa darasa la pili!"

Mama alienda kwa mwalimu mkuu akaomba tukalishwe pamoja. Mwalimu mkuu akakubali mara moja. Nimsifu kwa hilo, shule nyingine zilikuwa zinawarudisha watoto kama Nafula nyumbani. Yeye alisema, "Huyu ni wetu kama wengine, atasoma hapa. Lakini mdogo wake ndiye atamshika." Hilo ndilo neno alilotumia, kumshika. Na mimi nikamshika. Watoto wakaongeza jina: "Kukhu, leo umekuja na fimbo yako?" Fimbo nilikuwa mimi.

Mwisho wa mwaka nilipita mtihani, nikawa namba tano. Mwalimu mkuu akanirudisha darasa lilelile. Akaniambia hivi, na si kwa ubaya: "Ukienda wewe, nani atabaki na huyu? Mwalimu ako na watoto wengi mpaka wengine wanaketi chini. Vumilia mwaka mmoja." Nilivumilia. Sikumchukia Nafula, nadhani. Kuna siku nilimfinya, na sikumbuki kama alikuwa amekosa chochote.

Mwalimu wa darasa alikuwa Mwalimu Barasa, mtu mwembamba mwenye sauti ya redio. Alipenda hesabu za mdomo. Alikuwa anatembea katikati ya madeski na fimbo yake nyembamba ya mpera, anakunyooshea, anasema, "Wewe! Tatu jumlisha mbili!" na ukichelewa imekupata. Siku ya kwanza aliyomnyooshea Nafula mimi nikiwa kando yake, nilimsikia dada yangu akitetemeka. Deski lilikuwa linatetemeka. Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwake kwa sababu huko ndiko nilikouweka daima. Sweta yake ilikuwa na tundu. Nikaingiza kidole kwenye tundu nikamgonga mara tano kwenye ngozi.

"Tano," Nafula akasema.

Mwalimu Barasa alisimama. Darasa lote likageuka. "Umesemaje?"

"Tano."

Akapita. Hakumsifu, lakini akapita bila kuchapa.

Sikuwa nimemfundisha. Hatukuwa tumepanga. Nilimgonga kwa woga, na yeye akajua moja kwa moja kwamba ni hesabu. Hili ndilo lililonikata leo pale dukani. Miaka yote hii nilikuwa nimeliweka kichwani kama wizi, mimi mwerevu nampa jibu dada mjinga.

Tuliendelea hivyo. Tulifika mahali pa kuwa na njia yetu. Ikizidi kumi, nilimbandika kiganja kizima mgongoni, hicho ni kumi, halafu vidole kwa zile za juu. Kiganja kimoja na vidole vinne, anasema kumi na nne. Viganja viwili na kidole kimoja, ishirini na moja. Hakukosea. Naapa hakukosea hata siku moja, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja inanisumbua. Mwalimu aliuliza nne jumlisha tano. Mimi nilikuwa naangalia nje, nikagonga nane. Nafula akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Tisa." Nilimkasirikia. Nilifikiri ameongeza kidole kwa kuzubaa. Ilinichukua hatua kadhaa njiani kwenda nyumbani kugundua kwamba tisa ndilo jibu. Hata hivyo sikufikiria zaidi, nilifikiri ni bahati. Tena sasa sina hakika. Inawezekana nakumbuka hivyo kwa sababu leo natamani iwe hivyo. Naiandika jinsi ilivyo kichwani na naiacha hapo.

Kusoma tulikuwa na njia nyingine. Jioni tukichunga nilimwimbia ukurasa mmoja wa kitabu, mpaka akaushika wote, na nikimfungulia ukurasa huo anausema akiwa amekodolea macho karatasi. Ukurasa mmoja tu. Mwalimu akitaka mwingine, tulichapwa.

Sasa, Mwalimu Barasa. Nimesema alichapa. Alichapa. Lakini ni yeye huyohuyo, peke yake katika ile shule, aliyeandika barua kwa ofisi ya elimu Bungoma kwamba ana mtoto ambaye hajui amfundisheje, na aletewe mtu wa kumpima. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuja mpaka kwetu kwa baiskeli, akakaa kwenye kiti cha baba, akanywa chai, akaeleza. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Kuna shule huko Kitale," akasema, "iko na yuniti ya watoto kama hawa. Wanalala huko huko. Walimu wamesomea. Hakuna kuchapa. Wanawafundisha kila mmoja vile anaelewa, na mikono pia, kushona, kupika, kufuga. Nafasi ni chache sana, kwetu tumepewa moja. Lazima kwanza apimwe na ofisi."

Baba akasema, "Kama ni kufundishwa kazi, aende."

Mama alitoka nje, akaenda kusimama karibu na ng'ombe, na nilipomfuata niliona analia. Mimi nilielewa kama mtoto: mama analia kwa sababu mtoto wake anachukuliwa. Leo na mimi ni mama, na sina hakika hata kidogo. Huenda alikuwa analia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sikumuuliza alipokuwa hai, na sasa hayuko.

Na Kitale. Kuhusu Kitale nilijua kitu kimoja. Mjomba wetu alienda huko kuvuna mahindi kwenye mashamba makubwa, na hakurudi. Nyanya alikuwa akilitaja jina la Kitale anatema mate kando. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mjomba alikuwa mzima kabisa, alipata mke huko na akaona haya kurudi mikono mitupu. Lakini wakati huo, kwangu mimi, Kitale ilikuwa mdomo. Watu waliingia.

Tena neno lenyewe, kupimwa. Shuleni kwetu, ukiulizwa maswali na mtu akaandika kwenye karatasi, huo ulikuwa mtihani. Mtihani kuna kupita na kuna kuanguka. Nikapanga kichwani: Nafula akianguka, anapelekwa Kitale. Akipita, anabaki. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba si hivyo. Nani angemweleza mtoto wa miaka tisa? Nikaamua dada yangu atapita.

Kuna jambo jingine, nalo ni la aibu. Sikuogopa Kitale tu. Nilijivunia pia. Nilitaka kuona kama njia yetu inaweza kumshinda mtu kutoka ofisi ya Bungoma.

Alikuja siku ya mawingu, katikati ya muhula. Mwanamke mnene, mpole, viatu vyekundu, mkoba umejaa kadi. Walimwita Madam tu. Walikuwa wamemkusanyia watoto kutoka shule zote za jirani, wameketi kwenye nyasi wakimngojea, wengine wamebebwa, na yeye alikuwa mmoja. Nasema hivi ili nisimlaumu zaidi ya haki yake. Walimweka kwenye darasa la nasari, kwenye viti vile vidogo, magoti yake yakawa juu kama ya panzi.

Nafula alipoitwa peke yake alisimama mlangoni akakataa kuingia. Hakulia, aligeuka mti tu. Mwalimu Barasa akasema, "Madam, huyu haongei bila mdogo wake."

"Basi waje wote," Madam akasema. "Karibuni, wasichana wangu. Kuja mketi."

Tukaketi. Mkono wangu ukaenda mahali pake.

Alianza na picha. Hii ni nini? Ng'ombe. Hii? Jembe. Hii je? Nafula aliangalia ile picha muda mrefu akasema, "Ni ndama. Ameachishwa juzi." Madam alicheka kicheko kizuri, akaandika. Halafu akatoa vifuniko vya soda, akaviweka mezani.

"Nipatie vinne."

Nikagonga. Nafula akatoa vinne.

"Sasa ongeza vitatu. Viko ngapi vyote?"

Nikagonga. "Saba."

"Mm-hm. Kumi na mbili toa tano?"

Nikagonga. "Saba."

Kalamu ya Madam ikasimama. Akamwangalia Nafula, akaangalia fomu ya Mwalimu Barasa, akamwangalia tena. Halafu akaniangalia mimi. "Mbona mkono wako uko nyuma yake?"

"Nikiutoa anaogopa, Madam."

Hiyo ilikuwa kweli na ilikuwa uongo. Nilijifunza siku hiyo kwamba maneno yanaweza kuwa yote mawili na sauti isitetemeke.

Akafikiri kidogo. "Hebu niletee maji ya kunywa pale kwa jikoni, mama. Koo imekauka."

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo. Mpishi alikuwa anapakua uji na hakutaka kusumbuliwa, alinifanya ningoje kikombe kioshwe, na mimi nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kama ninataka kujisaidia, nikijua kwamba Nafula ameachwa na maswali na hana mkono mgongoni. Niliporudi, nusu ya maji imemwagika kwenye sketi, nilikuta Madam ameweka kalamu chini anazungumza naye pole pole, na Nafula anamwangalia usoni. Nafula hakuwa mtu wa kumwangalia mtu usoni. Sikusikia walikuwa wanasema nini. Nilichoona ni kwamba hakulia, nikashukuru Mungu, nikaketi, nikarudisha mkono.

Madam alikunywa. Akafungua kitabu. "Anaweza kusoma?"

Nikaruka. "Anaweza, Madam, huu hapa." Nikamfungulia ukurasa wetu. Nafula akausema wote, kuanzia baba analima mpaka jogoo anawika, na hata akakohoa pale ambapo mimi nilikuwa nimekohoa siku nilipomwimbia mara ya kwanza. Madam hakujaribu ukurasa mwingine. Matone makubwa yalikuwa yameanza kwenye mabati, na watoto wa kwenye nyasi walikuwa wanaingizwa ndani, mmoja anapiga kelele ya kutisha. Angejaribu ukurasa mmoja tu mwingine. Nimemfikiria sana huyo mwanamke. Alikuwa amechoka na mvua ilikuwa imefika.

Jambo la mwisho alilouliza lilikuwa hili. Aliinama mbele, akamshika Nafula mkono.

"Nafula, wewe mwenyewe. Ungetaka kwenda shule ya Kitale?"

Mimi sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Halikuwa la hesabu. Nikamgonga tu, haraka haraka, vidole vyote, bila mpango, nikimaanisha nyamaza, nikimaanisha usiseme kitu, na niliendelea kumgonga hivyo Madam akiwa anangoja.

Midomo ya Nafula ilitikisika kidogo, lakini hakuna neno lililotoka.

Madam akaachia mkono, akaandika.

Nilikuja kusomewa alichoandika. Kwamba mtoto ni mzito kidogo lakini anahesabu vizuri na anasoma, anafaa darasa la kawaida, mwalimu amsaidie kwa karibu. Ile nafasi moja ikaenda kwa mtoto mwingine, wa shule gani sijui. Natumaini ilimfaa. Kweli natumaini, kwa sababu kama haikumfaa yeye pia, basi ilipotea bure kabisa.

Siku karatasi ilipofika, nilifurahi. Nisidanganye. Nilirukaruka njiani nikamwambia Nafula, "Umepita! Umepita!" Na yeye akarukaruka kwa sababu mimi nimeruka. Mama aliposomewa aliketi chini kwenye ngazi, akasema "Haya," na hakusema lingine mpaka kulala. Mimi nikaona ni furaha.

Mwalimu Barasa aliisoma karatasi mara mbili mbele ya darasa. Uso wake uligeuka kwa namna ambayo sikuielewa. Sasa naielewa. Mtu huyo alikuwa amejisumbua, ameandika barua, ameendesha baiskeli, akiamini kwamba kuna kitu ndani ya mtoto huyu ambacho yeye hajui kukifikia, na sasa ofisi inamwambia hakuna kitu. Mtoto anajua.

"Kumbe unaweza," akamwambia Nafula. "Kumbe miaka yote hii ni kiburi."

Na mwalimu mkuu, kwa sababu karatasi ilisema hivyo, akanipandisha darasa la tatu. "Umefanya kazi nzuri," akaniambia. "Dada yako sasa atajisimamia."

Darasa la tatu lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilikuwa nasikia. "Wewe! Sita jumlisha mbili! Anajua huyu, karatasi imesema anajua!" Halafu kimya, halafu fimbo. Zamani alimchapa kama alivyochapa wote, mara moja na kupita. Sasa alimchapa kama mtu aliyedanganywa. Nilikuwa naweka mkono kwenye ule ukuta. Sijui kama nilifikiri mkono utapita.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza hilo kuliko mengine yote. Ningesema, wangemwita Madam tena, labda. Lakini ningesema nini? Kwamba nimeiba mtihani? Aliyeiba mtihani shuleni kwetu alichapwa kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya shule nzima. Tena nilikuwa namba mbili katika darasa la tatu, nilikuwa na deski la mbele na rafiki mmoja ambaye hakuniita fimbo. Haya yote yalikuwa upande mmoja wa mizani, na upande ule mwingine alikuwa dada yangu, na sikusema.

Nafula aliacha kwenda mwenyewe. Asubuhi moja alivaa sketi yake, akafika kwenye kona ya njia, akageuka akarudi kwa ng'ombe. Hakuna aliyemfuata. Baba alisema shule si ya kila mtu. Mwaka mmoja baadaye alipewa kazi kwa nyumba ya mtu, huko Bungoma mjini, kuosha na kulea. Alitoka huko na alama ya maji ya moto mkono wa kushoto, na hakueleza, na watu wa nyumba ile walisema alijimwagia. Inawezekana alijimwagia. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la saba, ng'ombe wetu walipokufa na kibarua cha baba pale kituoni kikaisha. Nikaolewa huku huku Kitale, ule mdomo. Nilipoachika nikabaki. Mama alipofariki, nilimleta Nafula.

Sasa tunakaa upande wa nyuma wa mtaa wa Kipsongo, sisi wawili na Sharon wangu. Nafula anachambulia wanawake wa soko maharage. Wanampenda kwa sababu haachi jiwe. Kila siku nikienda dukani napita nje ya ua wa shule ile yenye yuniti. Ina geti la kijani. Wakati mwingine wako nje wanafagia, wengine wakubwa kabisa, wamevaa aproni, wanacheka kwa sauti.

Leo niliporudi nilimkuta ameketi mlangoni anachambua mrenda, majani upande huu, vijiti upande ule. Nikaketi kando yake. Sikuvua hata viatu. Nikamwambia yote, kuanzia kijana wa vifungo mpaka Madam. Nilimwambia kwamba nilifikiri ni mtihani. Kwamba nilitaka abaki. Kwamba kama si mimi angeenda shule ya geti la kijani.

Alisikiliza huku mikono inafanya kazi. Sharon alikuwa ameanza kusonga ugali ndani, mwiko unagonga sufuria.

"Yule wa viatu nyekundu," Nafula akasema.

"Ndiyo, huyo."

"Aliniambia huko kitanda iko juu ya kitanda. Kuna ngazi ya kupanda. Ulikuwa umeenda kuleta maji." Akatupa kijiti. "Mimi nilitaka kulala ya juu."

Nikauliza, "Sasa kwa nini hukumwambia, Nafula? Si alikuuliza? Alikuuliza wewe mwenyewe!"

Akanigeukia kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi.

"Si ulikuwa unanigonga," akasema. "Nilikuwa bado nahesabu."

Sharon akaita kwamba ugali umeiva na mrenda uko wapi. Nafula akainuka na sinia lake akaingia. Mimi nilibaki nje mpaka nikaitwa mara ya pili.

Tumekula ugali na mrenda uliotiwa maziwa, na dagaa wachache waliobaki jana. Nafula ameongeza mara mbili. Mimi nimekula kidogo.